Birika la Farasi wa Vita: Libaki au Liondolewe?

Mgeni wa Kusini: Wakuu, huku Gqeberha, Afrika Kusini, ile Port Elizabeth ya zamani, kuna birika la mawe la kunyweshea wanyama. Ni ukumbusho wa farasi waliokufa Vita vya Makaburu na Waingereza, 1899–1902. Juu yake amesimama farasi wa shaba, mbele yake askari kapiga goti, kamshikia ndoo. Lilizinduliwa 1905 kwa michango ya wanawake wa mji. Mwaka 2015 watu walimwangusha yule askari. Libaki barabarani au lipelekwe makumbusho?

Chuma cha Reli: Liondoke hata leo. Farasi walikufa zaidi ya laki tatu, sawa. Na Waafrika waliofia kwenye makambi ya Waingereza vita hivyohivyo? Zaidi ya 14,000! Mnyama ni mnyama. Punda wa Lamu akifa si anatupwa ufuoni tu?

Binti Amu: Kaka, punda wetu usimtaje kama humjui. Mawe ya nyumba, mchanga, mitungi ya maji, vyote vimepita mgongoni kwake, vichochoro vyetu gari haliingii. Hospitali yake ipo tangu miaka ya themanini. Marehemu baba alikuwa haketi kula kabla punda hajanywa.

Chuma cha Reli: Dada, sikumtukana punda. Nazungumzia watu.

Binti Amu: "Anatupwa ufuoni tu" ni maneno ya nani? Futa kwanza, ndipo tuzungumze.

Mwenye Shamba: Binti Amu yuko sahihi. Asiyemhurumia mnyama hamhurumii mtu.

Kitukuu cha Mpagazi: Mwenye Shamba, neno hilo limenichoma. Waingereza waliomjengea farasi birika, miaka kumi na miwili baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia, walimtwika babu yangu mzaa babu mizigo ya jeshi. Mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo, ikabidi wabebe watu. Alitolewa Masasi 1917, kichwani gunia la unga, hakurudi. Someni Sanamu ya Askari pale Posta, Dar, ya 1927: imeandikwa wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono! Jina hata moja halimo. Farasi angalau kapigiwa goti.

Binti Amu: Pole sana, ndugu yangu. Babu aliitwa nani?

Chuma cha Reli: Na punda nimemfuta.

Kitukuu cha Mpagazi: Bibi alikuwa akimwita Baba Mkubwa tu. Jina lenyewe tumelikosa.