Faida ya Safaricom: mbona takwimu mbili?

Wakuu, nina hisa za Safaricom tangu zilipouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008. Kwenye grupu letu mmoja ametuma faida kubwa, mwingine ndogo, wote wanaapa ni ya mwaka uleule. Nimwamini nani? Nataka kuongeza hisa.

— Huenda wote wako sahihi. Kubwa ni ya Kenya pekee. Ndogo inajumlisha Ethiopia, iliyoanza huduma Oktoba 2022 kwa hasara. Fungua ripoti yenyewe. Mwaka wao wa fedha huisha Machi 31.

— Tazama pia mstari wa faida ya wenye hisa wa kampuni mama, yaani Safaricom yenyewe. Hasara ya Ethiopia inabebwa pia na wabia wengine.

— Nimeiona, asanteni. Aliyetuma picha alikata kichwa cha jedwali! Watu wanaweka akiba zao humu, jamani.