Mipichi inatoa ulimbo shinani, mtego wa feromoni umenasa nondo tele: nifanyeje?

Msambaa_Ughaibuni
Wakuu habarini, na wakubwa shikamooni.

Nimekulia Lushoto, nyumbani tulikuwa na mipichi nyuma ya jiko. Sasa naishi Pennsylvania, Marekani, na miaka minne iliyopita nilipanda mipichi sita uani. Mwaka huu imezaa, watoto wamekula mpaka wakasaza. Ila tangu mwaka jana miti mitatu inatoa ulimbo pale chini kabisa, shina linapoingia ardhini, na umechanganyika na kitu kama unga wa mbao mwekundu.

Jirani akaniambia ni bungua wa mpichi, kiwavi wa nondo anayetoboa shina. Nikanunua mtego wa feromoni, yaani wenye chambo cha harufu inayowavuta nondo, nikautundika Juni. Kila wiki nakuta nondo wamenasa, wale wanaofanana na nyigu. Mpaka mwisho wa Agosti nimehesabu 57, nikaamini nawamaliza. Leo tarehe 20 Septemba ulimbo mpya unatoka na mti wa nne umeanza. Niongeze mitego, mmoja kila mti? Miti hii naipenda sana, naombeni ushauri.

Mkulima_Michigan
Pole mkuu. Usiongeze mitego. Harufu iliyomo kwenye chambo ni ya jike anayeita dume, kwa hiyo hao 57 wote ni madume. Jike aliyepandwa huko kwa majirani anaruka mpaka kwako, anataga mamia ya mayai shinani, na mtego wako haumvuti kabisa.

Kazi ya mtego ni kukuonyesha wameanza kuruka lini. Shambani tunakofanya kazi tunautundika mapema Juni, usawa wa kifua, na kuukagua kila wiki. Madume wakianza kunasa mfululizo tunajua mayai yanafuata, na kiwavi huanguliwa baada ya kama siku kumi. Dawa inapigwa kwenye shina wakati huo, si kwenye matunda, kwa sababu kiwavi akishaingia chini ya gamba haimfikii tena. Soma lebo uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Wenye mashamba makubwa hufunga vipande vya feromoni mitini, zaidi ya 100 kwa eka, hewa yote ijae harufu dume asijue jike yuko wapi. Inafanya kazi vizuri. Kwa miti sita uani usipoteze hela, majike watakuja wakiwa wameshapandwa.

Mama Zawadi
Kaka, mimi niko Ohio, nilipoteza miti miwili kwa kusubiri. Fukua udongo kuzunguka shina kina cha vidole vinne, kwangua ulimbo, utaona tundu. Ingiza waya mwembamba ufuate njia yake taratibu mpaka umfikie. Kiwavi ni mweupe kama maziwa, kichwa cha kahawia, aliyekomaa anakaribia sentimita 3. Usichokonoe gamba zima kwa hasira kama nilivyofanya mimi, unauumiza mti kuliko funza mwenyewe.

Baada ya hapo mwagilia nematodi, minyoo midogo sana wanaoua wadudu, waulizie kwa jina la *Steinernema carpocapsae*. Wanauzwa wakiwa hai. Wamwage jioni, udongo uwe umelowa kabla na uendelee kulowa siku kadhaa. Sasa hivi ndiyo wakati wake, viwavi wengi bado wadogo na udongo haujapoa. Na mashine ya kukata majani usiipitishe karibu na shina.

Mkulima_Michigan
Hapo dada umesema kweli. Niongeze: ulimbo safi usio na unga ule mara nyingi ni jeraha au ugonjwa, si bungua. Ukiuona wenye unga juu kwenye matawi, huyo ni bungua mdogo wa mpichi, na chambo chake ni kingine.

Shamba_Soni
Wakuu, mimi niko Soni, Lushoto. Kwangu shina ni salama, ila tunda lenyewe linatobolewa. Mtego huo utanifaa?

Mkulima_Michigan
Hautakufaa ndugu. Bungua huyu ni wa Amerika Kaskazini, na kila nondo ana harufu yake. Pasua tunda. Ukikuta funza mweupe asiye na miguu wala kichwa cha kuonekana, ni nzi wa matunda. Ukikuta kiwavi wa waridi mwenye kichwa na miguu, huenda ni wa nondo aitwaye *Thaumatotibia leucotreta*, anayeshambulia pia machungwa na parachichi. Chambo chake kipo. Mpelekee bwana shamba tunda lililotobolewa kabla hujanunua chochote.

Msambaa_Ughaibuni
Nimerudi wakuu. Nimetumia Jumamosi nzima nikiwa nimepiga magoti. Mti wa kwanza nimetoa wanne, wa pili wawili, huu mpya mmoja mdogo sana. Nematodi nimeagiza. Ila mti wa tatu umenikata maini: gamba limeliwa karibu mzunguko wote, limebaki kama upana wa vidole viwili. Niung'oe?

Mama Zawadi
Usiung'oe sasa kaka. Toa viwavi wote unaowafikia, mwagia nematodi kama mingine, uuache upite baridi. Ukichipua majani madogo ya njano, uung'oe na kisiki chake kabla ya Juni, nondo wasije wakatokea humo.

Msambaa_Ughaibuni
Asante dada. Na mtego nitautundika tena wiki ya kwanza ya Juni, safari hii nikiandika tarehe.