Banda la gari linanuka petroli, na chini hakuna hata tone

Wakuu, gari langu la zamani, la kabureta, nimeliegesha bandani mwezi wa tatu sasa. Kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni, harufu ya petroli inanipiga usoni. Nimetandika maboksi chini ya injini na tangi: makavu kabisa. Tangi nililijaza hadi shingoni, nikiogopa kutu. Shida nini?

— Hapo shingoni ndipo ulipokosea, ndugu. Petroli ikipata joto hutanuka, na mvuke unatafuta pa kutokea. Punguza kidogo, kisha kagua mpira wa mfuniko.

— Kabla ya hayo: humo ndani kuna hita ya maji ya gesi? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji. Fungua mlango mkubwa, funga gesi, swichi ya taa usiiguse.

— Nimerudi. Hita ipo (aibu yangu), gesi nimeifunga. Mfuniko mzima. Mkosaji ni kile kimpira cha kupumulia juu ya tangi: nimekikunja kidogo tu, kikapasuka kama jani kavu. Ndiyo maana maboksi hayakulowa.

— Badilisha na vibano vyake. Vya zamani havishiki.