Majirani Kaptembwo, Nakuru: 300 za mwalimu wa hesabu

Mama Chebet: Habari za jioni majirani. Wenye watoto gredi ya 8, barua mmeiona? Bodi ya shule inaomba shilingi 300 kila mwezi kwa kila mtoto, ya kumlipa mwalimu wa hesabu. Yule mwingine ameacha.

Baba Njoki: Ameacha? Si alikuja juzi tu!

Mama Chebet: Amepata kazi ya duka, mtaa wa Section 58. Wanamlipa vizuri kuliko shule.

Baba Njoki: Mimi sitoi. Tangu 2003 tunaambiwa elimu ni bure. Na kila mtoto wa sekondari msingi, gredi 7 hadi 9, ametengewa 15,042 kwa mwaka. Si zimlipe mwalimu?

Mwalimu Wafula: Baba Njoki, hizo ni za kuendesha shule, na mara nyingi huchelewa. Mishahara hutoka TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Pale ambapo TSC haijaleta mwalimu ndipo bodi huandika wake, kwa pesa za wazazi.

Mama Brian: Basi twende kwa gavana

Mwalimu Wafula: Kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi, mama. Walimu wetu ni wa serikali kuu.

Mwalimu Wafula: Niwaambie yangu. Mimi ni mwanagenzi, yaani intern, mwalimu wa mkataba wa posho, huko Njoro. Posho ni 20,000, nikishakatwa nabaki na kama 17,000. Hapo kuna nyumba, nauli na mama kijijini. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba kumwandika mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi ni kinyume cha sheria. Wenzetu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu Januari 2025. Mwezi huo huo sisi wengine tukaingizwa kwa mkataba ule ule wa posho. Digrii yangu ni Kiswahili na Historia, lakini nafundisha pia Hesabu na Kilimo kwa sababu hatutoshi. Jana mtoto ameniuliza mbona hasi mara hasi inakuwa chanya. Nimempa kanuni. Sababu angepewa na aliyesomea Hesabu.

Cucu Wairimu: Pole mwanangu. Wakati wetu mwalimu ndiye aliyekuwa akiwadhamini majirani kwa mikopo. Sasa ndiye anayekopa unga.

Baba Njoki: Pole sana mwalimu, sikukulenga wewe. Lakini nina wawili hapo, hiyo ni 600, na boda siku za mvua hailipi. Tukishamlipa wa hesabu, mwezi ujao ni wa sayansi. Na kule ambako wazazi hawana hata hiyo 300, watoto wafundishwe na nani?

Cucu Wairimu: Hapo umesema kweli.

Mama Chebet: Mimi natoa, mtoto wangu hawezi kungoja. Lakini tuandike barua pia kwa TSC hapa kaunti, tuonyeshe ni masomo gani hayana mwalimu na tangu lini. Mwalimu, utatusaidia kuiandika?

Mwalimu Wafula: Nitaiandika leo usiku.

Mama Chebet: Asante. Jumamosi saa nne, kwangu. Asiye na 300 aje tu, tunahitaji sahihi yake.

Baba Njoki: Nitakuja.