Mke wangu amenyamaza, nifanye nini? Naombeni ushauri

Mwana wa Langoni: Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, nina mke na watoto. Tangu wiki iliyopita mke wangu hasemi nami ila la lazima: chai tayari, mtoto ana homa, maji yamekatika. Nikimuuliza kuna nini, hunijibu hakuna. Kupika anapika, heshima iko palepale, lakini mimi situlii. Mwanamume akiudhika hunena, mkateta, yakaisha. Wanawake mbona hawasemi? Nimsemeshe vipi?

Nahodha Mstaafu: Mwache. Wangu aliwahi kuninunia msimu mzima wa Kaskazi, aliposema nikatamani kurudi baharini. Mwanamke husema maneno elfu 20 kwa siku, mwanamume elfu 7. Ukipata nafasi ya kupumzika, pumzika.

Mwalimu Mokowe: Mzee wangu, hesabu hiyo haina msingi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi 396 wa vyuo vikuu, Marekani na Meksiko, waliovalishwa vinasa sauti. Wanawake kwa wanaume, wote walikuwa kwenye maneno kama 16,000 kwa siku. Ndugu, achana na umbile la wanawake wote. Kulitokea nini kabla hajanyamaza?

Mwana wa Langoni: Hakukutokea kitu. Hatukugombana.

Bi Mkubwa wa Shela: Mwanangu, amevaa leso gani? Khanga yake imeandikwa nini?

Mwana wa Langoni: Mama, mimi leso sizisomi. Ila kweli ipo mpya, huivaa kila nikirudi. "Mali bila daftari huisha bila habari."

Bi Mkubwa wa Shela: Basi amesema. Leso hutupa nafasi ya kutoa zito bila kuvunja nyumba. Ukimuuliza, atakwambia amependa rangi. Ukikasirika, umekiri kuwa ni lako. Marehemu mamangu na wifi yake walijibizana kwa leso tangu mimi mdogo, na Idi walikula sinia moja. Mali gani, mwanangu?

Mwana wa Langoni: Kuna nyumba Mkomani. Nimepata mnunuzi mzuri, nataka boti ya injini nibebe abiria wa Manda na Shela. Faida ni ya watoto wetu. Nilimweleza usiku, akanyamaza. Kimya si ridhaa?

Ummu Salma: Nyumba ya nani?

Mwana wa Langoni: Babake alimpa alipoolewa. Lakini dari nimetengeneza mimi, chokaa nimepaka mimi, na mume ndiye kiongozi wa nyumba.

Ustadh: Kimya kuwa idhini kumekuja kwa bikira anapoulizwa juu ya nikaha yake. Usikipeleke kwenye kuuza mali. Mali ya mke ni yake, na mbele ya Kadhi utaulizwa idhini iliyo wazi. Naye mke asiseme kwa mafumbo. Mwana Kupona, katika utendi wake, alimuusia bintiye amridhi mumewe.

Bi Mkubwa wa Shela: Ustadh, Mwana Kupona alitunga 1858, mjane na mgonjwa, akimwazia binti atakayebaki peke yake. Hakumwambia atoe nyumba. Hapa Lamu baba humpa bintiye nyumba makusudi, mume akigeuka asikose pa kulala.

Kijana wa Matondoni: Uzi huu ni wa kutunga. Mnunuzi gani anafika kwenye bei bila kuona hati? Na huyu amejiunga jana.

Mwalimu Mokowe: Hata mimi nina shaka. Leso imekuja kwa wakati mno.

Mwana wa Langoni: Wallahi sikutunga. Hati ameiona, ndiyo maana akatoa arbuni. Nimemwambia huyo mnunuzi kuwa mke wangu atakuja kutia saini Jumatatu.

Ummu Salma: Arbuni! Mkeo anaijua?

Mwana wa Langoni: Bado. Nilitaka aseme yeye kwanza, nijue yuko upande gani.

Ummu Salma: Basi nyumba hiyo ina watu wawili walionyamaza, na wewe ndiye uliyeshika pesa. Rudisha arbuni kabla ya Jumatatu, kisha umuulize anataka nini na nyumba yake. Akisema hataki, usilete habari ya chokaa.

Mwana wa Langoni: Na boti je? Nafasi kama hii hairudi.

Nahodha Mstaafu: Boti hukodishwa, mwanangu. Namjua mwenye moja Mokowe, injini nzima, anatafuta wa kuiendesha.

Mwana wa Langoni: Kwa siku anataka ngapi?