Mtoto wa mbwa ana wiki 9 na chanjo moja tu: nimfungie ndani au nianze kumtoa?

Kibaraza

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua. Nina mtoto wa mbwa, jike, wiki 9. Alichanjwa mara moja akiwa na wiki 8, ile chanjo ya mchanganyiko (ya magonjwa ya virusi vya mbwa: parvo ya kutapika na kuharisha, distempa na homa ya ini). Dawa ya minyoo ameshapewa mara tatu. Daktari kasema asitoke mpaka amalize chanjo wiki ya 16. Mwalimu wa mbwa naye kasema nikingoja hadi hapo nitakuwa nimelea mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watu. Wote wawili wanaonekana kujua wanachokisema. Nimfuate nani? Na kama jibu liko katikati, tafadhali msiniachie hewani: niambieni wapi nimpeleke, wapi marufuku, na lini akanyage chini.

MkiaMrefu

Mfungie, mkuu. Parvo haina msamaha kwa mtoto wa umri huo. Wiki 7 zitapita, dunia haihami, atazoea baadaye.

Dkt_wa_Wanyama

MkiaMrefu, hofu yako ya parvo ni ya haki kabisa. Ila hilo la "atazoea baadaye" ndilo linaloharibu mbwa wengi wazuri.

Mtoto wa mbwa ana kipindi ambacho akili yake iko wazi kupokea mambo mageni: kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12, wengine 14. Ndani ya kipindi hicho, kitu asichokijua humvutia kuliko kumtisha. Kikishapita, mambo yanageuka, kitu kigeni kinahesabiwa adui mpaka athibitishe vinginevyo. Mbwa wa miezi 5 anaweza kuzoeshwa, lakini kile ambacho angekishika kwa dakika tano akiwa na wiki 9 kitakula miezi. Ukianza wiki ya 16, umefika kituoni basi limeshaondoka.

Sasa upande wa chanjo, maana wengi wanaambiwa tarehe bila kuambiwa sababu. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili (kinga za damuni zinazopambana na virusi) za mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hasa katika siku ya kwanza ya maisha. Kingamwili hizo zinamlinda, lakini pia zinaizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Zinapungua polepole, na kila mtoto kwa mwendo wake, hata waliozaliwa tumbo moja: huyu zinamwishia wiki ya 8, ndugu yake wiki ya 14 au zaidi. Ndiyo maana tunarudia chanjo kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16 au azipite kidogo. Kwa parvo na distempa dozi hazipandani kama matofali. Tunabisha hodi mara kadhaa ili angalau moja ikute mlango uko wazi.

Hatari kubwa iko katikati hapo. Kuna siku ambazo kingamwili za mama zimeshuka hata haziwezi kuzuia virusi halisi vya nje, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Watoto wengi "waliochanjwa" wanaougua parvo wanaugua katika siku hizo, halafu lawama inaenda kwa chanjo. Kwa sababu hiyohiyo, kadi inayoonyesha dozi ya mwisho wiki ya 12 usiiamini kwamba imemaliza kazi. Idai ya wiki ya 16. Kisha mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo (WSAVA) unashauri dozi nyingine karibu na wiki ya 26, badala ya kungoja mwaka mzima, ili kumkamata yule ambaye dozi zote za utotoni zilimpita.

Kwa hiyo kuhusu nani umfuate: mwaka 2008 madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama (AVSAB) walitoa msimamo kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa la kuzoeshwa akiwa na wiki 7 hadi 8, ilimradi amepata angalau dozi moja siku 7 kabla na ameanza dawa ya minyoo, halafu aendelee na ratiba yake bila kukatiza. Wa kwako amefika hapo. Daktari wako hajakosea kuhusu hatari, ila neno "asitoke" ni pana mno. Asikanyage chini ovyo, hilo ndilo la kushika.

Nyayo_Nne

Niongezee upande wa vitendo, maana ndio aliouomba Kibaraza.

Usigawe dunia katika "ndani" na "nje". Igawe hivi: ardhi ambayo mbwa usiowajua wamepita, na kila kitu kingine. Parvo inaishi kwenye kinyesi, na kinyesi kikishasombwa na mvua au kukanyagwa hadi kisionekane, virusi vinabaki udongoni miezi, hata mwaka. Kwa hiyo "pamesafishwa, sioni uchafu" si kipimo. Distempa yenyewe haidumu sana nje ya mwili, lakini inaruka kwa hewa mbwa mgonjwa akipumua au kukohoa karibu. Ndiyo sababu hata ukiwa umembeba, mbwa wa mtaani asije kumnusa pua kwa pua.

Hivyo mbebe. Mikononi, kwenye kapu, au kwa mbeleko ukimweka kifuani. Kaa naye mahali panapopita watu, baiskeli, pikipiki, watoto wa shule, mtu mwenye mwavuli, mtu wa mkongojo. Akiwa mzito, tandika blanketi lako juu ya benchi au nyuma ya gari mlango ukiwa wazi, umshike kwa kamba fupi. Blanketi lifuliwe kila mkirudi, na upande uliogusa nje usimgeuzie siku nyingine.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: mtoto aliyebebwa hawezi kurudi nyuma. Akiwa chini na akaogopa, atasogea. Mikononi mwako amenaswa, kwa hiyo wewe ndiye miguu yake. Akijilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akifyata mkia, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana, ondoka naye hatua kumi mara moja. Ukimwona amekakamaa na amekataa nyama ambayo nyumbani angeirukia, mmeshakaribia kupita kiasi. Usimbembeleze abaki hapohapo ili "azoee". Anachokizoea hapo ni kuogopa. Na kati ya wiki ya 8 na ya 10 wengi hushtuka kirahisi, tishio moja kubwa linaweza kukaa naye muda mrefu.

Safari moja dakika 5 hadi 10 inatosha, jambo moja au mawili mapya kwa siku, kisha alale. Kumpeleka sokoni saa nzima siku ya kwanza ni kosa ninaloliona kubwa kuliko kumfungia.

Sauti zifanyie kazi nyumbani. Chukua mfuniko wa sufuria. Mtu mmoja akae chumba cha pili, augonge kwa kijiko mara moja, taratibu. Masikio ya mtoto yatasimama. Ndani ya sekunde moja mpe kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole chako kidogo. Mara tano, basi. Kesho mtu huyo asogee mlangoni. Keshokutwa ndani ya chumba. Mpangilio uwe sauti kwanza, chakula baadaye. Ukitanguliza nyama kisha kelele, utamfundisha kwamba nyama ni dalili ya balaa, na utaanza kuona anakikwepa chakula chenyewe. Radi, fataki na mlio wa mtoto mchanga unaweza kupiga kwenye simu, sauti ya chini kabisa, kwa utaratibu huohuo.

Sakafu pia ni somo: zulia, bati, mbao zinazotikisika kidogo, plastiki inayochakacha, vigae vyenye maji. Vyote unaweza kuvitandaza sebuleni.

Na mshike kila siku. Kila unyayo, katikati ya vidole, ndani ya sikio, inua mdomo uone meno, gusa ukucha kwa kikatio bila kukata. Mguso mmoja, kipande kimoja. Daktari atakayemtibu miaka kumi ijayo atakushukuru.

Wageni waje, wengi iwezekanavyo, wa kila aina. Viatu vibaki nje ya mlango, wanawe mikono, wakae chini kwa upande, na mtoto awafuate mwenyewe. Wamkune kifua, wasimpitishie mkono juu ya kichwa. Watoto wadogo wakae sakafuni kabla hajaletwa. Asibebwe na mgeni wala kuzungushwa mkono kwa mkono.

MkiaMrefu

Nimekubali hoja ya umri, sikuwa nimeipima hivyo. Ila kadi ya chanjo isiaminiwe kwa mhuri tu. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Ile ya unga ichanganywe na kimiminika chake mbele yako na ichomwe hapohapo, isiwe imechanganywa asubuhi ikingoja wateja. Dai stika ya chupa ibandikwe kwenye kadi, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Dozi iliyopata joto haimlindi, na huwezi kulijua hilo kwa kumwangalia mbwa.

Na kliniki yenyewe ndipo mbwa wagonjwa wanapokwenda. Asiguse sakafu. Kwenye mizani tandika taulo lako.

Kibaraza

Asanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mambo matatu yamebaki. Jirani wa kulia ana mbwa mkubwa aliyechanjwa, mpole. Jirani wa kushoto mtoto wake wa mbwa alikufa kwa parvo miezi minne iliyopita, sasa uani hamna mbwa. Na huyu wa kwangu lazima ajisaidie mahali, uani kwangu ni udongo. Vipi hapo?

Dkt_wa_Wanyama

Kulia, ndiyo. Mbwa mzima mpole ni mwalimu bora, anamfundisha mtoto kupima nguvu ya kuuma kuliko tunavyoweza sisi. Hakikisha chanjo za mbwa huyo hazijapitwa, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ana dawa ya minyoo, hana kikohozi wala kuhara, na anavumilia watoto. Akiwa anazurura mitaani, aoshwe miguu kwa sabuni kabla. Wakutane kwako, dakika chache, umtenganishe mtoto kabla hajachoka na kuanza kusumbua.

Kushoto, hapana. Miezi minne si kitu kwa parvo, hasa penye kivuli na unyevu. Asipelekwe huko mpaka amalize dozi zake, na kama mnatembeleana, viatu vya huko visiingie kwako.

Uani kwako ni salama kama hajawahi kuishi hapo mbwa mgonjwa na uzio hauruhusu mbwa wa nje kupenya. Chagua kona moja, mpeleke hapo hapo kila akiamka na kila akila, kinyesi ukiokote mara moja. Maji yaliyotuama yafukie au yamwage. Homa ya mgunda inaenezwa na mkojo wa panya unaoingia kwenye maji ya namna hiyo, na chanjo yake inahitaji dozi mbili, wiki 2 hadi 4 kati yake, ndipo ifanye kazi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Kabla ya hapo mbwa asiyejulikana asimkaribie kabisa. Akitokea kung'atwa, au mtu akang'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kukanyagishwa chini hadharani: wiki 1 hadi 2 baada ya dozi ya wiki ya 16. Darasa la ndani lenye sakafu inayooshwa, na wanaokagua kadi mlangoni, anaweza kuanza sasa.

Nyayo_Nne

Kuhusu viatu na sakafu: sabuni, spiriti na dawa nyingi za kunukisha sakafu hazitegemeki kwa parvo. Tumia jiki. Osha uchafu kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake, kwa sababu jiki ikikuta kinyesi au udongo inaishiwa nguvu hapohapo. Kama lebo inasema kama asilimia 5 ya hipokloriti, kipimo 1 kwa 30 vya maji. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, weka 1 kwa 20. Sakafu ibaki imelowa dakika 10, usuuze, ikauke ndipo mtoto arudi. Changanya mpya kila siku. Udongo wa uani jiki haiwezi kuusafisha, usipoteze pesa.

Kibaraza

Na dalili za kuangalia? Nikisubiri kuona damu kwenye choo si nitakuwa nimechelewa?

Dkt_wa_Wanyama

Umechelewa, ndiyo. Kinachotangulia ni kupoa: hachezi, hageukii bakuli, anajikunyata. Saa chache baadaye kutapika, halafu ndipo kuhara kunakonuka vibaya, mara nyingi na damu. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza siku 3 hadi 7 tangu avipate virusi, wakati mwingine hadi 14, na anaweza kuvitoa kwenye kinyesi kabla hajaonyesha dalili yoyote. Mtoto wa umri huu akisusa mlo na amelegea, piga simu kliniki siku hiyo, useme unashuku parvo, na umsubirishe ndani ya gari au nje mikononi mpaka aitwe jina lake. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha ya binadamu. Anayetapika usimlazimishe maji kwa bomba la sindano, yanaweza kuingia mapafuni. Anachohitaji ni dripu, na kila saa anayoipata mapema ina thamani.

Dozi yake ya pili iwe wiki ya 12, kisha ya 16. Weka tarehe hizo kwenye simu leo, na jioni uanze na mfuniko wa sufuria.