MJADALA: Dawa ya ALS ijaribiwe kwa mgonjwa bila kupitia kwa panya?

Mwanzisha mada:
Wakuu, ALS huua neva zinazoendesha misuli. Mtu anaanza kwa kudondosha kikombe, mwisho hata kupumua kunamshinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, walichukua seli za wagonjwa wakazirudisha kuwa seli shina (seli changa zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine), kwa mbinu iliyompa Shinya Yamanaka Nobeli ya 2012, kisha wakazikuza ziwe neva. Wakazijaribia dawa zaidi ya 1,200 zilizokwishakuwapo. Ropiniroli, dawa ya Parkinson, ikazilinda. Desemba 2018 wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa. 20 ndio waliopewa dawa au kidonge bandia (kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia).

Mimi nasema njia ndiyo hiyo. Panya ametudanganya vya kutosha. Minosaiklini, dawa ya kuua bakteria, ilirefusha maisha ya panya wenye ALS. Ilipofika kwa wagonjwa zaidi ya 400 Marekani, walioimeza walidhoofika haraka kuliko waliopewa kidonge bandia. Na wengi wa panya hao wamebebeshwa hitilafu ya jeni la SOD1, ambayo kwa binadamu wanayo takriban wagonjwa 2 tu kati ya 100. Sasa hapo tunamtafutia tiba nani?

Mchangiaji 1:
Mkuu, matokeo ya jaribio la ropiniroli umeyaruka. Wiki 24 za mwanzo, wakati hakuna aliyejua nani anameza nini, kasi ya kudhoofika ilikuwa karibu sawa pande zote. Nafuu ilijitokeza baadaye, wote walipokuwa wanapewa dawa. Halafu seli ya mzee wa miaka 60 ukiirudisha kuwa shina, inarudi uchanga. Uzee umeufuta, na ugonjwa huu huja ukubwani!

Mchangiaji 2:
Namuuguza shemeji yangu. Wengi hawamalizi miaka 5 tangu dalili zianze. Riluzoli, dawa ya ALS, ipo tangu 1995 na inaongeza miezi tu. Akiitwa kwenye jaribio kesho, anaenda. Nyie bishaneni.

Mwanzisha mada:
Pole sana ndugu. Mchangiaji 1, la wiki 24 ni kweli, ndiyo maana nataka jaribio kubwa zaidi, si kurudi kwa panya. Ropiniroli imemezwa miaka mingi, madhara yake yanajulikana. Dawa mpya kabisa, hapo sawa, panya atangulie: atuambie kama inaharibu ini, siyo kama inatibu.

Mchangiaji 1:
Hapo tumekaribiana. Ila jaribio kubwa la dawa ambayo hataza yake (haki ya kampuni moja kuiuza peke yake) ilishaisha, alipie nani?